Nani Ataona Mkono Wako?



Katika miezi hii swali moja limekuwa likirudi katika mikutano ya vijana wanaojitolea kuhudumu penye ajali na magonjwa. Wengine wenu mnajitolea katika Msalaba Mwekundu, wengine ni wahamasishaji wa afya mitaani, wengine mnasomea uuguzi na ukunga. Mnauliza: je, mafunzo ya huduma za dharura yanayotolewa kwa njia ya simu yanatosha? Au ni lazima tungoje siku ambayo mwalimu atafika, tukae naye chumbani, tushike vifaa kwa mikono yetu wenyewe? Swali hili si dogo. Nyuma yake yuko mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, yuko motari aliyeanguka na kuvunjika mguu, yuko mtoto aliyezaliwa bila kulia. Hao hawatatuuliza tumesomea wapi. Watakachohitaji ni kwamba mikono itakayowagusa ijue inachofanya.

Sisi si waganga. Tuliandaliwa kuwa walimu, na kwa miaka mingi tumefundisha katekisimu. Lakini jambo linaloulizwa hapa ni jambo la kufundisha na kujifunza, na juu ya hilo tunayo maneno machache ya kuwashirikisha.

Historia ya nchi yetu inatupa somo la kwanza. Mwaka 1976, katika misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, ulizuka ugonjwa ambao haukuwa na jina. Hospitali ya misheni ilihudumiwa na watawa kutoka Ubelgiji pamoja na wauguzi wazalendo. Watu walitoka mbali kuifuata, kwa kuwa ilikuwa na dawa na ilikuwa na huruma. Wachunguzi waliofika baadaye walikuta kwamba kila asubuhi zilitolewa bomba tano tu za sindano kwa ajili ya wagonjwa wa nje, na kwamba kati ya mgonjwa mmoja na mwingine zilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu. Ugonjwa ulipita katika sindano hizo. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao wakafa. Katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walipoteza maisha. Ugonjwa huo ukapewa jina la mto Ebola, ulio katika sehemu hizo.

Hatuyasemi haya ili kuwahukumu waliotutangulia. Walikuwa na vifaa vichache na walikabili adui asiyejulikana na mtu yeyote duniani. Tunayasema kwa sababu yanatuonyesha ukweli ambao mhubiri huogopa kuutamka: upendo peke yake hauufundishi mkono. Mtu anaweza kumpenda mgonjwa kwa moyo wote, na mkono wake ukamletea kifo.

Miaka 19 baadaye, mwaka 1995, ugonjwa huohuo ulizuka Kikwit. Huko watawa sita wa shirika la Suore delle Poverelle la Bergamo, Italia, walikufa mmoja baada ya mwingine katika kuwauguza wagonjwa na kuuguzana wao kwa wao. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliidhinisha hati zinazotambua fadhila zao za kishujaa, hatua mojawapo kuelekea kutangazwa wenye heri. Tunawaheshimu na tunaomba kwa jina lao. Lakini heshima ya kweli kwao haiwi kuwatuma vijana wengine wafe vilevile. Heshima ya kweli ni kuhakikisha kwamba anayekwenda kuwahudumia wagonjwa ameandaliwa, ili arudi nyumbani jioni kwa mama yake, na kesho yake aende tena.

Ugonjwa huo ulipotufikia huku kwetu, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, waliougua walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo watumishi wa afya zaidi ya 160. Safari hii wataalamu walikuwa na chanjo, walikuwa na mavazi ya kinga, na walijua ugonjwa unavyosambaa. Maarifa yalikuwapo. Kazi kubwa ikawa kuyafikisha maarifa hayo mpaka kwenye vidole vya muuguzi, vya mchimba kaburi, vya mfagiaji wa kituo cha afya.

Tulipata kuona mazoezi ya namna hiyo katika ukumbi mmoja wa parokia. Vijana walikuwa wakijifunza kuvaa na kuvua vazi la kinga. Kuvaa si kazi ngumu. Hatari iko katika kuvua, kwa maana hapo upande wa nje wa vazi, ambao huenda umeguswa na ugonjwa, unapita karibu na ngozi, macho na mdomo. Kila hatua ina mahali pake: aproni, glavu za nje, miwani, vazi lenyewe, barakoa, na kati ya hatua na hatua mikono inaoshwa kwa maji ya klorini. Yote hayo hufanywa ndani ya joto, jasho likitiririka, na mtu akiwa amechoka. Kwa hiyo hakuna anayevua peke yake. Mbele yake husimama mwenzake, ambaye kazi yake ni kutazama tu na kusema.

Palikuwa na kijana mmoja aliyejibu maswali yote ya maandishi bila kukosa hata moja. Alijua mpangilio wa hatua kuliko wenzake wote, na alikuwa ameusoma mara nyingi katika simu yake. Zamu yake ilipofika, alivua vizuri mpaka kwenye glavu za nje. Hapo jasho likamwingia jichoni, na mkono wake ukapanda wenyewe kwenda kulifuta. Haukuwa umefika shavuni, mwenzake akapaza sauti: “Simama!” Akasimama, mkono ukiwa hewani. Watu wakacheka kidogo, naye pia akacheka. Lakini mwalimu wao hakucheka. Aliwaambia kwamba kichwa cha yule kijana kilikuwa kimejua, na mkono wake ulikuwa haujajua, na kwamba hilo ndilo lililowaleta ukumbini.

Tangu siku hiyo, kila tunapoulizwa juu ya mafunzo ya simu na mafunzo ya ana kwa ana, swali letu limekuwa moja: nani ataona mkono wako?

Kabla ya kulijibu, ni haki kwanza kuitendea simu haki yake. Wako wazee wenzetu wanaoidharau, nao wanakosea. Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa Covid-19, makanisa yalipofungwa na watu wakakatazwa kukusanyika. Ugonjwa ulikuwa mpya, wauguzi walihitaji kufundishwa haraka, na chumba cha mafunzo kilikuwa hatari kama ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limefungua tangu mwaka 2017 shule yake ya intaneti iitwayo OpenWHO, na kwa njia hiyo masomo yalimfikia kila mwenye simu na mtandao, bila malipo, kabla ndege yoyote haijaruka. Nani angeweza kufanya hivyo kwa kukusanya watu ukumbini?

Tena fikirini muuguzi aliye peke yake katika kituo cha afya cha mbali, siku mbili kwa miguu kutoka barabara kuu. Akiitwa mjini kwa mafunzo ya siku tano, pamoja na safari atakuwa amekiacha kituo siku tisa. Katika siku hizo tisa mama atakayefika usiku na uchungu wa uzazi atakuta mlango umefungwa. Na siku hizi njia nyingi za kwetu hazipitiki kwa sababu ya vita, na anayesafiri anahatarisha roho yake. Kwa muuguzi huyo, somo lililohifadhiwa katika simu ni rehema. Zipo programu zilizotengenezwa kwa ajili ya hali kama yake, kwa mfano ile ya Maternity Foundation ya Denmark inayofundisha wakunga namna ya kushughulikia hatari za uzazi kwa picha za video. Ukishaipakua mara moja, unaweza kuitumia bila mtandao. Ilijaribiwa nchini Ethiopia, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wahudumu walioitumia waliongeza maarifa na ustadi kuliko wenzao wasiokuwa nayo.

Simu inaweza pia kuwaunganisha walio mbali na waliobobea. Mwaka 2003, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, daktari Sanjeev Arora aliona kwamba wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokaa vijijini walikuwa wakifa kwa kukosa mtaalamu wa karibu. Alianza kuwakutanisha kila juma, kwa njia ya video, wahudumu wa vijijini na wataalamu wa chuo kikuu. Mhudumu wa kijijini alieleza habari za mgonjwa wake mwenyewe, wataalamu na wenzake wakamuuliza maswali na kumshauri, na juma lililofuata akarudi kueleza kilichotokea. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba wagonjwa waliotibiwa vijijini kwa njia hiyo walipona kwa kiwango sawa na waliotibiwa chuo kikuu.

Lakini tazameni vizuri kilichofanya kazi katika mfano huo. Yule mhudumu hakukaa akisikiliza hotuba. Alileta kazi yake, akaiweka mbele ya wengine, akarekebishwa, akarudi. Jicho la mwingine lilikuwapo, ingawa lilikuwa mbali. Na ugonjwa wenyewe ni wa polepole. Unahitaji uamuzi mzuri kuliko wepesi wa mikono. Uamuzi unaweza kusafiri katika waya. Wepesi wa mikono hausafiri kwa urahisi namna hiyo.

Chukueni mfano wa kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama. Kitabu kinasema: bonyeza katikati ya kifua cha mtu mzima kwa kina cha sentimeta 5, si zaidi ya 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na uache kifua kirudi juu kila mara. Maneno hayo mmeyasoma sasa hivi, nanyi mnayajua. Lakini sentimeta 5 za kifua ni nzito kiasi gani? Hakuna kioo cha simu kinachoweza kuwajulisha uzito huo. Ndiyo maana mwaka 1960 mtengenezaji wa vitu vya kuchezea kutoka Norway, Åsmund Laerdal, alitengeneza mwanasesere mwenye ukubwa wa mtu mzima, ili watu wajizoeze kuokoa uhai juu ya mwili usioumia. Anayejaribu kwa mara ya kwanza hushangaa: mikono inauma, pumzi inakatika, na baada ya dakika mbili amechoka. Ni afadhali ayajue hayo juu ya mwanasesere kuliko juu ya baba wa watu, mbele ya watoto wake wanaolia.

Pengine sasa mtasema: basi tumeelewa, mafunzo ya ana kwa ana ndiyo bora, tungoje semina. Ngojeni kidogo. Chumba nacho kina udanganyifu wake.

Uko mpango wa kufundisha wakunga namna ya kumsaidia mtoto mchanga ambaye hapumui, uitwao Helping Babies Breathe, ulioanza kuenezwa mwaka 2010. Msingi wake ni dakika moja, inayoitwa dakika ya dhahabu: ndani ya dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa, mtoto awe amekaushwa, amesuguliwa mgongo ili aamke, na kama bado hapumui, awe ameanza kupewa hewa kwa mfuko wa kusukumia hewa wenye barakoa ndogo. Wanafunzi hujizoeza kwa mwanasesere anayejazwa maji ili awe na uzito na ulegevu wa mtoto wa kweli. Katika nchi jirani ya Tanzania, kwenye hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wakunga walipewa mafunzo hayo kwa siku moja. Yalikuwa ya ana kwa ana, yenye vifaa na mwalimu. Miezi saba baadaye walipimwa. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri kuliko zamani. Lakini katika chumba cha kuzalisha, mbele ya watoto wa kweli, matendo yao yalikuwa hayajabadilika.

Viongozi wa hospitali hiyo hawakukata tamaa wala hawakutafuta ukumbi mkubwa zaidi. Walimweka mwanasesere karibu na wodi. Kila juma wakunga walijizoeza dakika tatu hadi tano tu, wakiwa kazini, na kila mwezi wakapata dakika 40 za marudio. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka watoto wapatao 11 hadi wapatao 7 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Mwanasesere alikuwa yuleyule, na somo lilikuwa lilelile. Kilichoongezwa ni udogo, ukaribu na kurudia.

Jambo hilo halikutushangaza sisi tuliopitia shule ya ualimu. Tulisoma nadharia ya kufundisha miaka kadhaa, tukaandika kurasa nyingi juu ya malengo na mbinu. Lakini hakuna aliyeitwa mwalimu kabla ya kusimama mbele ya watoto kutoa somo la majaribio, na mkufunzi akikaa nyuma ya darasa na daftari lake. Mkufunzi hakuandika tulichokijua. Aliandika kwamba tuliufunika ubao kwa mgongo, kwamba tuliuliza swali tukalijibu wenyewe, kwamba msichana wa dirishani aliinua mkono mara tatu na hatukumwona. Mambo hayo hayamo katika kitabu chochote, kwa sababu yalikuwa yetu. Mtu hawezi kuona mgongo wake mwenyewe. Na somo la majaribio halikuwa moja. Yalikuwa mengi, mpaka mkono ukazoea chaki.

Katika katekesi nako ni hivyohivyo. Mnajua kwamba Kanisa linafundisha kuwa penye hatari ya kifo, kama hakuna padri wala shemasi, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya analofanya Kanisa anaweza kubatiza. Tunapowafundisha wakristo jambo hilo hatuishii kwenye maneno. Tunaleta beseni na maji, na kila mmoja anamimina juu ya kichwa cha mwanasesere, huku tukitazama kama maji yanatiririka kweli na kama maneno ya ubatizo yanatamkwa wakati huohuo. Wengi huyasema maneno kwanza na kumimina baadaye. Wengine hulowesha kitambaa tu. Wote waliijua kanuni walipoulizwa. Makosa yalionekana pale tu mtu mwingine alipotazama.

Na Kanisa lenyewe limelitafakari jambo la intaneti kwa muda mrefu. Katika hati ya mwaka 2002 juu ya Kanisa na intaneti, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilisifu chombo hicho kwa wema wake mwingi, lakini likakumbusha kwamba hakuna sakramenti katika intaneti, na kwamba kinachopatikana humo hakiwezi kuchukua nafasi ya jumuiya ya watu waliokutana kwa mwili. Imani yetu imesimama juu ya Mungu aliyetwaa mwili. Angeweza kutuokoa kwa neno la mbali. Alichagua kugusa macho ya kipofu kwa udongo, kuosha miguu kwa maji, kumruhusu Tomasi auone ubavu wake kwa karibu.

Hebu tuukumbuke mfano wa Msamaria mwema kwa jicho la swali letu. Kuhani alimwona mtu aliyejeruhiwa. Mlawi naye alimwona. Kwa upande wa habari, wote watatu waliopita njia ile walikuwa na habari zilezile. Tofauti ilikuwa kwamba Msamaria alisogea karibu. Na aliposogea, alikuwa na mafuta na divai, na alijua vya kufanya navyo: alimimina, akafunga vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake bila kumuua njiani. Mara nyingi tunahubiri juu ya huruma yake na kusahau ustadi wake. Mikono yake ilikuwa imewahi kufunga vidonda kabla ya siku ile. Mahali fulani, mtu fulani alimfundisha.

Kwa hiyo, wapendwa vijana, hatari kubwa zaidi haiko katika simu wala katika ukumbi. Iko katika cheti kisichokuwa na mkono nyuma yake. Cheti kinapatikana kwa kubonyeza majibu sahihi usiku mmoja. Kinapatikana vilevile kwa kukaa siku tatu kwenye kiti, kula chakula cha semina, na kupokea pesa za nauli. Anayekivaa kifuani na kuwaambia watu “Nipisheni, nimefundishwa,” huku mikono yake haijawahi kutazamwa na mtu, anatoa ushuhuda wa uongo mbele ya aliyejeruhiwa. Na aliyejeruhiwa hana nafasi ya kumchunguza. Amelala chini, anamwamini.

Basi mfanyeje? Hatuwaambii mngoje. Anayengoja mafunzo kamili hatajifunza kamwe, na ajali haingoji. Tunawaomba kwanza mtumie simu kwa kile inachokiweza: kusoma, kutazama mpangilio wa hatua, kurudia usiku mliyoyasahau. Yule mwenye simu nzuri na mega za kutosha asijifungie chumbani. Apakue somo na kulileta katika kikundi, wenzake walitazame pamoja, hasa wasichana, ambao katika nyumba nyingi simu hupewa mwisho. Somo lililobaki katika simu ya mmoja ni kama taa iliyofunikwa.

Pili, tafuteni jicho. Katika kila parokia yetu yuko muuguzi au mkunga, yuko mtawa aliyefanya kazi hospitalini, yuko mzee wa Msalaba Mwekundu. Mwendeeni kwa heshima, mmwombe si semina bali dakika kumi, baada ya Misa ya Dominika au baada ya mkutano wa kikundi, kila juma. Dominika moja mjizoeze kukandamiza jeraha linalotoka damu kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kuachia kila mara ili kuchungulia. Dominika nyingine, namna ya kumgeuza ubavu mtu aliyezimia anayepumua, ili asisongwe na matapishi. Nyingine, kunawa mikono kwa utaratibu, kwa kuwa hilo nalo lina ufundi. Vifaa havihitaji fedha nyingi: kitambaa, beseni, sabuni, mkeka, mwili wa mwenzako anayekubali kulala chini.

Tatu, mwende wawiliwawili, kama wafuasi walivyotumwa. Mmoja afanye, mwingine atazame, kisha mbadilishane. Anayetazama awe na ruhusa ya kusema “Simama!” hata kama anayefanya ni mkubwa wake, na anayeambiwa asimame bila kununa. Kwetu si rahisi kwa mdogo kumrekebisha mkubwa, nasi tunaipenda heshima hiyo. Lakini penye damu na ugonjwa, heshima kubwa kwa mkubwa wako ni kumwokoa.

Nne, mjue mpaka wenu. Mliyojizoeza mbele ya jicho la mwingine, yafanyeni bila woga. Msiyojizoeza, msiyajaribu juu ya mgonjwa kwa sababu tu mliyaona katika video. Hapo huduma yenu ni kumwita anayejua, kuwatuliza ndugu, kusafisha njia, kubeba machela, kubaki karibu. Kubaki karibu nako ni kazi, na wengi wameponyoka katika kifo kwa sababu kijana mmoja alikimbia haraka kumwita mkunga badala ya kujifanya mkunga.

Tunajua kwamba haya yote ni madogo mbele ya mahitaji ya nchi yetu. Hospitali hazina vifaa, njia zimefungwa, na wauguzi wengi hufanya kazi bila mshahara wa kutosha. Dakika kumi za Dominika hazitaondoa hayo. Lakini wakunga wa Haydom walitufundisha kwamba dakika chache zinazorudiwa, mbele ya jicho la mwenzako, zina uzito kuliko siku kubwa moja inayosahauliwa. Nanyi ni wengi, na Dominika hurudi kila juma.

Maswali ya kutafakari pamoja katika kikundi:

1. Ni jambo gani la huduma ya kwanza tunaloweza kulieleza kwa maneno, lakini hakuna mtu aliyewahi kututazama tukilifanya?

2. Katika parokia yetu, ni nani tunayeweza kumwomba awe jicho letu, na ni nani atakayekwenda kumwomba juma hili?

3. Je, tunakubali kurekebishwa na aliye mdogo kuliko sisi?

Ee Bwana, uliyesogea karibu na walioumia, tupe mioyo isiyopita kando, na mikono iliyofundishwa vema. Utupe pia wenzetu wa kutuambia ukweli kabla hatujamdhuru ndugu yetu. Amina.